Ada ya Mgeni wa Chumbani

Masoro, Kigali

Kwa dada yangu mpendwa Claudette,

Salamu nyingi zikufikie huko Kayanga, wewe, shemeji na kichanga chetu. Natumaini mshono umepona na mtoto ananyonya vizuri. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungelia, nami ningepata pa kujificha.

Unajua kwa nini nilimweka Mama hotelini. Bweni la kiwanda ninamolala halipokei mgonjwa, na hospitali ilimtaka kila asubuhi, basi nikampangia chumba katika hoteli ndogo kule Kagarama. Bei waliyonitajia niliimudu. Kumbe ile ilikuwa bei ya kuingia tu. Kujaziwa chupa maji ya moto kulilipiwa, chakula cha kutoka nje kililipiwa, na mgeni yeyote aliyepanda chumbani naye alikuwa na ada yake. Kila asubuhi karatasi ya hesabu ilisukumwa chini ya mlango. Nilipolalamika, Aimable wa mapokezi alinieleza kwa upole kwamba ndiyo taratibu za mwenye hoteli. Afadhali angenitukana.

Sasa wewe watu wetu unawajua. Wazee waliotulea Karagwe, ambao wamerudi na kujenga hapa Kigali, walisikia Mama yupo, wakaja, Mama Mukasine mbele na chupa yake ya uji wa mtama. Walisali, wakaimba, wakamtania Mama jinsi alivyokuwa akikimbizana na mbuzi wake shambani kwa padri. Mama alicheka hadi akakohoa. Yeye ndiye aliyetukariria mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli nilimwona akipata nafuu. Nililipa.

Ghafla wakaacha kuja. Nilipomwuliza Mama, alisema watu wana shughuli zao. Nilikasirika mno, Dada. Halafu yeye mwenyewe akaanza kunifukuza. Natoka kazini, hata sijakaa vizuri, ananiambia ana usingizi, niende. Nikadhani ni ugonjwa umembadilisha.

Siku ya kumaliza matanga ya Mama nilisimama kutoa shukrani. Nikasema mbele ya watu wote kwamba wapo waliokula kwetu miaka na miaka, na Mama alipougua wakamtupa. Mama Mukasine aliinamisha kichwa. Watu walipotawanyika alinivuta pembeni, akaniita mwana wanjye, yaani mwanangu, akaniambia kwamba Mama alimpigia simu kumweleza kuwa nimemhamishia kwangu Masoro, ni mbali, wasijisumbue. Hata hivyo alikuja huku Masoro. Alizunguka viwandani na uji wake geti kwa geti, akiuliza alipo mukecuru, bibi kizee mgonjwa, na walinzi wakamrudisha.

Ndipo nikakumbuka zile karatasi. Zilipita chini ya mlango kabla sijafika, na Mama kusoma alijua. Aliwazuia wenzake, kisha akanizuia na mimi, kwa kuwa hata mimi nilihesabiwa mgeni. Nilimpigia magoti Mama Mukasine palepale. Aliniinua, akasema yaishe, lakini aibu ile bado ninayo.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Uliponipigia ukiwa bado wodini, ukaniuliza kama Mama aliondoka akiwa na mtu, nilikuambia nilikuwa nimemshika mkono. Si kweli. Jioni ile aliniambia nikalale, nikaenda. Aliyemkuta asubuhi ni mfanya usafi. Nilipokwenda kufunga hesabu, Aimable alinipa pole, kisha kwa upole wake uleule akaniuliza kama kuna mtu aliyelala na mgonjwa usiku ule, maana hilo nalo lina ada. Nikamjibu kwamba hakuna. Yeye nilimwambia ukweli, wewe nikakudanganya.

Nilaumu unavyotaka, ila usiache kunijibu. Mbusu mtoto, msalimie shemeji na majirani wote wanaotukumbuka. Mama Mukasine atapita huko mwezi ujao kuuza kile kishamba chake. Mpokee, mpe kiti, na akiaga mapema mzuie.

Mimi mdogo wako,
Rodney