Mawimbi ya Sendofu ya Paskalina

Jumatatu, 8 Juni

Nimechelewa kufungua saluni. Nimesuka vichwa viwili vya twende kilioni na kimoja cha rasta, akaja na mama mmoja kukaa tu na kupiga umbea. Miguu imevimba. Baridi ya mwezi huu inaingia hadi kwenye mifupa.

Jioni mdogo wangu Paskalina akakaa kwenye kiti. Sendofu yake ni Jumamosi, tunamuaga kabla ya ndoa. Anataka nywele zake mwenyewe, zenye mawimbi. Wigi hataki. Alilivaa kipindi chote cha matibabu ya saratani na anasema harufu yake anaisikia hadi leo. Nywele zake za zamani zilitoka zote. Hizi zilizoota zimefika shingoni, laini na nyembamba kama za kichanga. Muuguzi alimkataza draya na pasi ya nywele, ngozi ya kichwa bado inauma. Nikamwambia nitajaribu. Sijawahi kufanya mawimbi bila moto.

Jumanne, 9 Juni

Imeshindikana. Jana nilimpaka mafuta, nikamlowesha vizuri, nikamsokota, nikamfunga kitambaa. Leo asubuhi nafungua, nywele bado mbichi. Zimelala kichwani zinang'aa utadhani amelambwa na ndama. Mikono yangu imezoea nywele ngumu. Mafuta kwanza, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha. Hizi mafuta yanaziua. Na kwa baridi hii ukizilowesha hazikauki.

Paskalina alijitazama kwenye kioo akacheka. Mimi sikucheka.

Mchana akapita Shangazi Veronika, mwenyekiti wa kamati ya sendofu. Ameleta wigi kutoka Arusha. Aliliweka mezani, akasema ni la akiba tu. Namjua. Shangazi hana cha akiba, akileta kitu lazima kitumike.

Jumatano, 10 Juni

Nimejaribu rola za sponji, bila mafuta. Zinateleza. Moja ilidondoka akiwa anakunywa uji.

Mama ameniita jikoni. Sasa nimeelewa habari ya wigi. Emanueli, mchumba, anajua kila kitu kuhusu ugonjwa. Kwao Singida hawajui, na Mama na Shangazi wameamua wasijue mpaka ndoa ifungwe. Wanaogopa wakwe watasema wameozeshwa mgonjwa, waondoke. Kama Paskalina hataki wigi, Mama ameomba mawimbi yajaze kichwa, mtu asione ngozi, asiwe na cha kuuliza. Amenishika mkono wakati anasema. Amezeeka sana tangu ule ugonjwa uanze.

Nikakubali. Paskalina mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Nimechoka na siri za watu.

Alhamisi, 11 Juni

Mlenda!

Nilikuwa naosha vyombo. Mwiko wa mlenda wa jana hakuna aliyeuloweka, ute umekauka mgumu, unaukwangua kwa kucha. Nikasimama na mwiko mkononi kama chizi: ukikauka hivi kwenye nywele, si utazishika? Kisha nikaloweka majani mengine kwenye maji, nikachuja ute kwa soksi safi. Nikampaka Paskalina kidogo kwenye shungi moja la nyuma. Bila mafuta. Maji nilinyunyiza tu. Nikalikunja juu ya kipande cha kanga kuukuu, nikafunga fundo, nikarudi kwa wateja.

Alasiri nikafungua. Wimbi. Nikalivuta, likarudi. Paskalina anasema ananuka mboga. Nikamwambia likikauka halinuki, anyamaze. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia. Hata si furaha, ni miguu.

Ijumaa, 12 Juni

Kichwa kizima. Vipande vya kanga kila mahali. Mgongo umekufa. Shangazi amechungulia mlangoni, akauliza kama bibi harusi ataenda ukumbini na mboga kichwani. Nikaendelea kukunja. Wigi bado lipo mezani.

Jumamosi, 13 Juni

Niandike haraka, nalala.

Asubuhi nilifungua kwa vidole, kitana sikugusa. Mawimbi yameshuka toka utosini hadi shingoni, manene, ngozi huioni. Mama alisimama akatazama, akashukuru Mungu kimyakimya. Nimewahi kuremba wengi. Huyu ndiye aliyependeza kuliko wote, na ni wa kwetu.

Ukumbini yalikaa vizuri mpaka chakula. Watu wakajaa, joto likapanda, yakaanza kulegea. Nilikuwa nayaona kutoka meza ya pili, siwezi kufanya kitu.

Wakati wa zawadi Mama Emanueli alimvisha kitenge mabegani. Akaweka mkono juu ya nywele zake, akauacha hapo.

"Laini hivi, mwanangu. Unaweka dawa gani?"

Shangazi akadakia haraka. Akasema ndivyo tulivyo Wambulu, nywele laini ni asili yetu. Jibu zuri kabisa. Nusu ya watu wa hapa Babati wangelikubali. Mama Emanueli akaanza kutabasamu.

"Hapana, mama," Paskalina akasema. "Zangu zilikuwa ngumu. Niliugua saratani, zikatoka zote. Hizi zimeota baada ya dawa."

Alisema kwa heshima, hakunong'ona. Mama Emanueli akaondoa mkono. Akarudi kukaa. Keki hakuigusa. Mama yangu alikuwa anaangalia meza.

Hasira zilinijaa. Kazi ya wiki nzima, na Paskalina angenyamaza tu ingetosha.

Jumapili, 14 Juni

Wageni wa Singida wameondoka alfajiri, chai hawakunywa. Wamesema watakaa kikao kwao, kisha watatujulisha. Emanueli amepanda gari nao. Paskalina amefua kitenge alichopewa, ameanika.

Shangazi anasema kosa ni langu, nimemtia Paskalina kiburi. Saluni sijafungua.

Alhamisi, 18 Juni

Simu hakuna. Nimesuka kutwa. Wateja wanauliza sendofu ilikuwaje, nawaambia ilipendeza.

Nimemuuliza Paskalina kwa nini. Amejibu kwamba ugonjwa ukirudi hataki kuugulia kwa watu anaowaficha. Ile hasira imeniisha, imebaki hofu.

Jumapili, 21 Juni

Emanueli amekuja na baba yake mdogo. Ndoa ipo. Mama yake hajaridhika, lakini hatazuia. Ameomba jambo moja, kanisani Paskalina avae wigi, ndugu wa Singida wasianze maswali.

Paskalina akawamiminia chai. Akamwambia baba mdogo ampelekee mama salamu nyingi, na kwamba atakwenda na nywele zake. Mzee akakoroga chai muda mrefu. Akasema atafikisha. Emanueli akaomba kikombe cha pili.

Walipoondoka Mama alienda kulala mchana, jambo ambalo sijaliona kwa miaka mingi. Paskalina akakaa kwenye kiti, akaomba mawimbi. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote.

Nimemnyunyizia maji, nimempaka ute, nimeanza kukunja. Nyuma kuna mahali pameota kidogo, ngozi inaonekana. Wiki iliyopita ningepafunika. Leo nimepaacha. Alisinzia kabla sijamaliza upande wa kushoto, nikaendelea taratibu nisimwamshe.