Zawadi ya Baba Mkwe wa Mukuju

Truphena weeee! Uko? Kaa chini kwanza.

Kaka yangu Nashon leo ametamani ardhi immeze. Huku Mukuju, kwa wazazi wa Annet wake, mbele ya wazee wote!

Si unakumbuka alivyozunguka maduka ya Busia akitafuta kile kifaa cha kusomea vitabu ampe baba mkwe? Mzee alikuwa mwalimu, sasa macho yamechoka, hata Biblia anasomewa. Nashon akachagua chenye herufi kubwa. KUBWA, Tru. Akajisifu mpaka tukachoka.

Alichosahau ni kwamba amekuwa akikijaribu mwenyewe, na vitabu vyake bado vimo.

Mzee akakiwasha. Akavua miwani. Akasoma kwa ile sauti ya darasani: "Sura ya Tatu. Namna ya Kuishi na Baba Mkwe Mkali."

Wazee wote wakamgeukia Nashon!!

Nashon alitaka kuruka akinyakue, lakini kwa kina Annet mkwe hainuki mpaka aitwe. Akabaki pale jasho likimtiririka, Annet amejifunika uso kwa leso.

Baba Mkwe MKALI, Tru! Na mzee anaendelea tu, anatikisa kichwa kama anasahihisha mtihani.

Mara mama mkwe kutoka nyuma: "Jamani, anasoma mwenyewe!" Wanawake wakapiga vigelegele.

Mzee akamwita Nashon, akamkalisha kando yake. "Herufi naziona vizuri, mwanangu. Sasa nitafutie kitabu kingine humu: namna ya kuishi na mkwe mwoga."