Picha ya Pili ya Kabula

Nsemulwa, Mpanda

Mayu wangu mpendwa,

Sasa hivi Kabula amechukua kifuniko cha lenzi ya Baba Regina, amekichovya kwenye uji na kukilamba kama kijiko. Nimemnyang'anya, nimekifuta kwa kanga, naye amekaa chini ananitazama kama wewe unavyomtazama mbuzi aliyeingia kwenye mihogo. Bahati Baba Regina yuko nje, hajaona.

Mwangaluka mayu. Umeamkaje, na mguu unaendeleaje? Kifua cha baba kimepoa? Sisi tunapumua. Kabula anasimama kwa kushika ukuta, na meno ya chini yametoka. Holo mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole, usiruke mahali.

Barua yenu niliipata. Mmesema ile picha niliyotuma mliipeleka kwa wakwe, na mama mkwe akaitazama, akaigeuza, akaiweka juu ya kinu. Akasema, "Paji kama boga, na pua hii sijui ya nani. Huyu siye Kabula wetu." Na baba mkwe akakataza jina la Kabula, marehemu mama yake, lisitajwe tena kwa mtoto huyu, na kwamba baada ya mavuno ukoo utakaa, na wakiona si damu yao nirudishwe kwako na mwanangu.

Mayu, jina lile hatukuliokota. Mtoto alilia akakataa ziwa, tukamtajia wazee mmoja mmoja, na lilipotajwa la bibi yake mume wangu Masanja ndipo akanyonya. Masanja mwenyewe akamshika sikio la kushoto akacheka, "Bibi amerudi na sikio lake." Maana limekunjika juu, kama la bibi. Sikio hilo wakwe wote wanalijua, wanasema hata kilemba kilikuwa hakilifichi. Sasa nikajiuliza, mama mkwe aliangalia nini hata asilione?

Nikamwonyesha Baba Regina ile nakala aliyobaki nayo. Huyu ndiye mwenye studio ninapofanya kazi tangu Masanja alipopeleka ng'ombe Mpimbwe kutafuta majani. Ni Mfipa, mtu mzima, anaimba nyimbo za kanisani huku anapiga picha. Mimi nafagia, nawachana wateja nywele na kuwapaka poda. Alipoitazama akaguna.

"Hii niliipiga ile siku ya mvua," akasema. "Minza, weka kiganja chako hapa karibu na pua yako."

Nikaweka.

"Unaona nini?"

"Kiganja."

"Na mimi je?"

"Sikuoni, baba."

"Basi ndivyo lenzi fupi ilivyomuona mtoto wako. Imeona pua, masikio yakabaki huko nyuma."

Ndipo akanieleza. Chumba cha studio ni chembamba, na siku ile njiani kulikuwa tope, tukabaki ndani. Lenzi fupi inachukua mapana, kwa hiyo ili uso mdogo wa mtoto ujae kwenye picha, ilibidi amsogelee mpaka karibu amguse. Ukimsogelea mtu hivyo, kilicho mbele kinavimba na kilicho nyuma kinajificha. Kumbe mwanangu alikataliwa kwa sababu ya mvua.

Nikamwomba ampige tena. Akatoa lenzi yake ndefu, ile ya kupigia maharusi kanisani akiwa mlangoni. Nikasema hiyo hiyo. Akatikisa kichwa, "Hiyo itanipeleka mbali sana, uso utakuwa bapa kama chapati. Na mtoto atakuwa haoni mtu." Akachukua ya katikati, nene kama kikombe cha bati, ambayo aliachiwa na padri mmoja na haitoi ovyo, anaogopa vumbi. Akasema hiyo ndiyo ya nyuso za watu. Ila nayo inataka nafasi kuliko chumba chetu. Basi mlango ukafunguliwa wote, Kabula akakalishwa kwenye kigoda mbele ya pazia la maua, mimi nikajificha nyuma ya pazia nimemshika kiuno, na Baba Regina akaenda kusimama ng'ambo ya mtaro, jirani na mama muuza dagaa.

Watu wakapita katikati. Mmoja na baiskeli ya mkaa akasimama kabisa.

"Baba Regina, leo unapiga picha mlango?"

"Napiga mtoto. Pita au rudi, usikae hapo kama twiga."

Yule mama wa dagaa naye akadakia, "Na mimi unitoe basi, nipendeze."

"Wewe kwa uso huo itabidi nikasimame kule mbali, Sitalike."

"Nenda, viboko wa mto wa huko wakupige wewe."

Watu wakacheka, na Kabula akageuza kichwa kidogo kuwasikiliza. Nikasikia kamera, ta. Mimi nyuma ya pazia sikuona kitu, nilikuwa namwomba Mungu asilie.

Filamu ilikwenda kusafishwa Tabora na ikachelewa, reli ilikuwa imekatika kwa maji. Imerudi jana. Mayu, nimemuona mwanangu kama alivyo. Paji ni la mtoto, pua ni ya Masanja, na masikio yote yapo, na lile lililokunjika limekaa wazi. Nililia, Baba Regina akajifanya anafuta meza.

Lakini moyo haujatulia. Naogopa watasema fundi ameipamba. Kwa hiyo nimewawekea zote mbili kwenye bahasha, nakala ya ile waliyonayo na hii mpya. Gauni ni lile lile, waone ni mtoto yule yule, aliyesogea ni mpiga picha tu.

Na kuna Masanja. Zamani kila akituma salamu kwa dereva wa lori la mpunga, anasema msalimie mama Kabula. Safari hii dereva ameniambia, "Masanja anamsalimu Minza." Nikamwuliza, na mtoto je? Akasema ndiyo hayo tu aliyotumwa. Sijui kama maneno ya kwao yameshamfikia kule. Wasukuma wenzetu hapa yamewafikia, wanaogopa kulitaja jina la marehemu, na wao sasa wananiita Minza. Usiku nikimnyonyesha namwita Kabula kwa sauti ndogo, asije akadhani limechukuliwa.

Msalimie baba, asitoke kwenye baridi. Msalimie shangazi aliyenisukia kikapu cha safari, mwambie bado kinabeba. Na yule jirani anayekukamulia ng'ombe ukiumwa mguu, namshukuru sana. Holo, kitambaa chako kipo, nitakituma kwa mtu wa kuaminika.

Mimi mwanao,
Minza

Nimekumbuka jambo, mayu. Ukifika kwa wakwe usianze na baba mkwe, atashika picha kwa hasira. Mpe mama mkwe, mpeleke mlangoni kwenye mwanga, kimya kimya. Mwambie aache pua, aangalie upande wa ua jekundu la pazia, hapo ndipo sikio lilipo. Usimwambie ni la nani. Mwache aseme mwenyewe. Akishasema, wewe

Ngoja, mayu, kuna mwanaume anaita mama Kabula huko ng'ambo ya mtaro. Anaita tena. Baba Regina ananiita Minza, na majirani nimekwambia wanavyoniita. Mpanda nzima hii, wa kuniita hivyo ni