Saini Niliyosema ni Yangu

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko kwa Shangazi? Huku wazima, ila Baba anakohoa, na hata akikohoa anabisha. Barua zako zimefika hapa nyumbani, zote mbili kwa siku moja. Vyuo vyote viwili vimekupokea usomee udaktari. Nilicheza jikoni na sare yangu ya uuguzi mpaka Baba akaniuliza kama nimekunywa kitu.

Sasa nisikilize. Nenda kile chuo chenye hospitali. Wiki ya kwanza tu uko wodini. Kile kikubwa cha maabara, mwanafunzi hamgusi mgonjwa hadi mwaka wa tatu. Wahitimu wake nawapokea mimi: seli wanazijua kwa majina, mshipa hawauoni. Yule daktari kijana aliyemtobolea Mama mikono kwa sindano alitoka huko. Sijasahau.

Dada yako

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe Baba pole ya kikohozi. Mimi niko salama, Shangazi ananilisha kama anayetaka kuniuza.

Nimekusikia, lakini hapo hatukubaliani. Mimi nataka kuwa yule anayeweka kipande cha nyama ya mgonjwa chini ya hadubini na kusema ugonjwa ni huu. Kule wanaanza hilo mwaka wa kwanza. Mama alilazwa siku kumi na nane na hakuna aliyejua anaumwa nini. Hakuuawa na sindano, Dada. Nitumie fomu ya chuo cha maabara niijaze. Mwisho ni tarehe thelathini.

Mdogo wako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo natoa kwa sababu nimelelewa. Afya yako sitauliza.

Kila nilipopiga simu ulisema fomu umeshaituma. Jana nikachoka kungoja, nikaenda ofisini kwao. Karani, mama mmoja mwenye miwani, alitoa faili langu akanionyesha barua ya kuikataa nafasi. Jina langu, saini yangu, mwandiko wako. Ile "h" yenye mkia naijua tangu uliponifundisha kusoma. Akaniuliza, "Saini hii si yako?"

Nikasema ni yangu.

Ningesema kweli wangemwandikia mkuu wako wa kazi, na uuguzi wako ungeishia hapo. Nafasi wameshampa mtu mwingine. Nilisimama kwenye ngazi zao mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Nitakwenda chuo chako, maana kimebaki hicho, na bila shaka umeshakijibu kwa niaba yangu. Usinipigie. Kwa simu utalia, nami nitajikuta nakubembeleza.

Mdogo wako

17 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima, najua, maana mgonjwa hana nguvu za kuandika vile.

Kasirika. Nimebeba mazito kuliko hasira zako. Ndiyo, niliandika mimi, na leo ningeandika tena. Wewe ulikuwa na miaka kumi, umewekwa kwa jirani. Mimi ndiye niliyeushika ule mkono uliojaa madoa. Nilimtukana yule kijana mbele ya wodi nzima na sijajuta hata siku moja. Sikukulea uje uwe kama yeye. Utanishukuru.

Baba hajui. Na asijue.

Dada yako

2 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nimekaa karibu miezi saba bila kukuandikia. Usidhani imepoa.

Wodini nafanya vizuri. Mshipa naupata mara ya kwanza, hata kwa wazee waliokauka. Kuhusu mafunzo ya huku ulisema kweli, hilo nakupa.

Lakini hospitali hii ndiyo aliyofia Mama. Nilimwomba mtunza mafaili anitafutie lake, akalichimbua siku tatu. Nimelisoma lote nikiwa nimesimama. Dripu ilimshinda kila aliyejaribu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa unaila mishipa. Aliyefanikiwa kuiweka ni yule kijana wako. Na ni yeye peke yake aliyeomba kipande cha nyama kikapimwe, siku ya tatu. Hapa hapakuwa na wa kukisoma, wakakipeleka chuo cha maabara. Majibu yalirudi tumeshazika. Ugonjwa una dawa.

Hadi leo hapa hakuna msomaji. Chumba cha kupimia nimekiona: meza moja na hadubini iliyofunikwa kitambaa. Nitamaliza hapa, niende kule nikasomee, kisha nirudi nikae humo. Ningeanzia kule ningewahi kwa miaka mitatu. Watakaokufa wakingoja majibu miaka hiyo mitatu, wahesabu wewe.

Mdogo wako

20 Novemba

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza.

Barua yako niliisoma nikiwa zamu, nikaomba ruhusa palepale. Nilipanda basi hadi chuo cha maabara nikamkuta yule mama mwenye miwani. Nikamwambia barua niliandika mimi, na wewe ulisema saini ni yako ili kunikinga. Aliandika kila neno, akanipa nithibitishe. Watamwandikia mkuu wangu wa kazi. Nafasi yako hairudi, ameniambia wazi. Nilikwenda tu kwa sababu sikuweza kukaa nalo.

Yule kijana nimemuulizia kwa wauguzi wa zamani. Aliacha kazi mwaka uleule. Hakuna anayejua aliko.

Baba nimemweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza ugonjwa wa mkewe unaitwaje. Nikamwambia silijui, maana hukuliandika. Ukiona vema, niandikie jina hilo nimpelekee. Mengine usiandike mpaka utakapotaka.

Dada yako