Ukuta wa Ghala la Chakol

Mama mpendwa,

Kifua kinaendeleaje? Dada aliniambia kikohozi kimepungua, lakini naona heri nikuandikie, maana kwenye simu wewe husema "niko sawa" halafu unakata. Mimi mzima, ila kichwani nywele zimehama zote.

Bado niko hapa Malaba, naandika majina kwenye malori na mabango ya hoteli. Zile picha zangu zisizo na mtu wala mti, zile ulizoniuliza kama nilimwaga rangi, nazo sijaacha. Jirani nilimpa moja, akaitundika dirishani kuzuia jua.

Sasa, wakulima wa Chakol wamejenga ghala, wakanipa ukuta wa mbele. Mama, ni mara ya kwanza maishani naambiwa, "Chora unavyotaka." Nilichanganya udongo mwekundu na wa kijivu na gundi, nikachora siku nne kwa tambara na viganja, mikunjo mikubwa toka juu hadi chini.

Mwenyekiti wa chama chao akaja kuangalia.

"Boss, mahindi iko wapi?"

"Hakuna mahindi, mwenyekiti."

"Hata ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

Akaita wanachama waamue. Wakikataa, ukuta upakwe chokaa siku hiyo hiyo. Walicheka mpaka nikaanza kukusanya ndoo zangu. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye huitwa kila boma kusiriba nyumba, kupaka kuta udongo, Krismasi ikikaribia, akasogea, akaweka kiganja ukutani na kufuata mkunjo mmoja hadi chini.

"Nyinyi mnacheka nini? Huyu amesiriba. Mkono yake haikusimama njiani."

Wanawake wengine wakaja, kila mmoja akapima kwa kiganja chake. Yule mama mzee akanigeukia.

"Kijana, nani alikufundisha?"

Kijana, Mama! Na hii miaka hamsini na mbili.

Wanaoniuliza hivyo huwa nawajibu hakuna, nilijifunza mwenyewe. Nilikuwa nishafungua mdomo nijisifu, nikakuona umepiga magoti mbele ya nyumba yetu, udongo hadi viwikoni. Nikasema, "Mama yangu." Nisamehe, nimechelewa sana kulisema.

Ukuta umebaki bila chokaa. Ila yule mama ananiambia pembe ya chini karibu na mlango nimeiharibu, itabanduka mvua ikija. Ni kweli. Nimeirudia mara tatu.

Nisalimie dada, mumewe mpole, na mjomba wa mbuzi wachache na maneno mengi. Halafu mwambie dada aniandikie hili kutoka mdomoni mwako: ukisiriba na kufika kwenye pembe, kiganja ulikuwa unakigeuza vipi?

Nangoja, ndoo ya udongo iko tayari.

Mwanao,
Mutua