Mfupa Usiotaka Kuunga

Jumanne, Rosettenville

Bado haujaunga. Daktari alinionyesha picha ya kifundo cha mkono wangu wa kulia, na ufa uko pale pale. Mfupa usipoanza kuunga, watanipasua waweke chuma.

Mimi ni msusi. Vidole hivi vikikakamaa, sijui nitafanya nini.

Aliniuliza ninakula nini. Nikajibu ninakula vizuri. Neema, binti yangu niliyekwenda naye anitafsirie, hakutafsiri. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba mama anakunywa chai tu, chakula anatuachia sisi. Nilitaka kumkaripia, nikaona midomo yake inatetemeka.

Daktari akasema dawa peke yake haitoshi. Nile mayai, maziwa, maharagwe, na dagaa nitafune na mifupa yake.

Jioni Neema alipika dagaa na sombe, majani ya muhogo. Akanijazia sahani, akakaa mbele yangu.

"Mama, leo unaanza wewe."

Nilikula. Nilipomaliza nilijaribu kukunja vidole vilivyochomoza kwenye plasta. Kidole gumba kilikataa.

Neema aliona. Alichukua sahani akaniongezea.