Wimbo Wako wa Arusi Umeimbwa Ilford

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Kabla hujauliza hali yangu, jua kwamba unasoma maneno ya mtu mashuhuri. London nzima inanijua! Jumapili nimeimbiwa kwenye kipaza sauti, watu wakaacha kula. Mfalme wao mwenyewe sijui kama keshaimbiwa hivyo.

Mguu wa Mama unaendeleaje? Wewe najua umeshawekwa ndani, unasingwa liwa kutwa, kwa hiyo nafasi ya kunisoma unayo. Mimi mzima, ila bega. Lifti ya saiti imekufa, mifuko ya saruji napandisha mwenyewe. Likizo ya kuja arusini wameninyima, unajua. Ndipo nikaapa nitakuletea zawadi ambayo bibi arusi wa Tanga hajapata kuiona.

Sasa sikia. Saitini nipo na Mromania mmoja, Doru, fundi wa plasta. Alikuwa anabatiza mtoto, akanialika ukumbini hapa hapa Ilford. Mkewe nesi, kanikalisha karibu yake.

"Usituhukumu kwa muziki huu," akaniambia. "Ni wa wahuni. Waliosoma hawausikilizi."

"Basi mimi umenifaa, shemeji," nikamjibu. "Shule iliniacha mlangoni."

Wanauita manele. Dada, kinanda kilipolia, vinyweleo vilinisimama! Sauti inapanda, inatetemeka, inajikunja mwisho wa ubeti kama ya bibi wa taarabu. Nikamuuliza Doru, anaimba nini huyu?

"Anasema maadui zake wana wivu. Wafe nao."

Wallahi nikadhani nipo arusini Ngamiani. Wazungu wana mipasho! Nani kawafundisha? Nikageuka nimtanie yule nesi, kiti kitupu. Yupo katikati ya uwanja, viatu kavua, mikono juu, anacheza na mama mkwe wake. Muziki wa wahuni!

Na wanamtunza mwimbaji noti kama sisi. Ila kwao ukitunza, mwimbaji anakuinamia, unamnong'oneza jina, basi wimbo mzima unakuwa wa huyo. Jina linarudi kila ubeti, na ukumbi unamshangilia mtu wasiyemjua. Kitu gani kingine duniani kinafanya hivyo?

Nikamkabidhi Doru simu arekodi, nikainuka. Jasho linanitoka utadhani naolewa mimi. Nikamnong'oneza mwimbaji jina lako na la bwana arusi. Akafumba macho, akavuta pumzi: "Zuhura wa Tanga!" Ukumbi ukalipuka, wakaninyanyua juu juu. Nililia, dada. Usimwambie mtu.

Flash yenye rekodi imo humu kwenye bahasha, anakuletea shangazi anayekuja arusini. Mama nimeshamwambia tuirushe kwenye skrini siku ya arusi, naye keshawatangazia majirani.

Nisalimie Mama, na mjomba wa duka la baiskeli, mwambie bado simwogopi. Na shemeji Idrisa, mumeo mtarajiwa, ambaye sijapata kumwona ila pichani.

Huyo ndiye shida yangu. Mwimbaji aliponiinamia, muziki ulikuwa umenipanda kichwani, ulimi ukaokota jina ulilolizoea tangu utotoni: Bakari. Ndiyo, Bakari yule uliyemrudishia pete. Nimekuja kulisikia kesho yake, nikisikiliza rekodi ndani ya basi. Limo kila ubeti, halikatiki, na wageni wote wanaliitikia kwa mapenzi.

Ndiyo maana bahasha nimeiandika jina lako, si la Mama. Irusheni bila sauti.

Nduguyo,
Hamadi